Jini wa Fungu la Mwali

Kaole, 3 Julai 2024

Shikamoo Bibi,

Nimeandika kwenye karatasi kama ulivyoagiza, maana ulisema simu inakulilia sikioni kama nyenje, na Mama Mdogo Dija akikusomea ujumbe wangu anaruka maneno anayoona hayakufai. Bahasha nimempa kondakta wa basi. Mpe Hafidha fundi cherehani akusomee yote, na majibu yako aandike kama utakavyoyatamka.

Nyonga inaendeleaje? Hapa nyumbani kwako nafagia mwenyewe. Bafu nimelitia sakafu ya kukwaruza ili ukirudi usiteleze tena.

Sasa shida yangu. Kuna chama cha wazamiaji wa Denmaki kinatafuta hoteli moja ya pwani yetu ya kuleta watu kila mwaka. Hawa si wageni wa kulala juani. Wanabeba mtungi wa hewa mgongoni, wanashuka chini ya maji, wanatazama, wanapanda. Hawavui wala hawaokoti. Wameniletea maswali kumi na mawili, na kila hoteli inayotaka kuwapokea lazima iyajibu. Boti yangu inatupa nanga juu ya matumbawe au inafungwa kwenye boya? Maji ya chooni na ya jikoni yanaishia wapi? Samaki wa mezani amevuliwa kwa kitu gani, na wapi? Duka langu linauza makombe na nyota za bahari? Kiongozi mmoja anachukua wageni wangapi? Anao ujasiri wa kumkataza mgeni anayegusagusa? Wafanyakazi ni wa hapa au nimewaleta kutoka mbali? Yako mengine ya namna hiyo.

La kumi na mbili linasema hivi: nani anautunza mwamba huu, na anapata nini? Hilo nimeliacha wazi. Nadhani nitaandika "hakuna".

Hawa wasiponichagua, vyumba vyangu sita havitamaliza mwaka. Baba, Mzee Hamed, ameshaniambia kiti changu dukani Dunda bado kipo, na mifuko ya saruji haina msimu.

Ninachokosa ni mwamba wenyewe. Nimezunguka na Mwinjuma nahodha wiki mbili. Kwingine kote ni kifusi. Anasema ulio hai ni mmoja tu, Fungu la Mwali, lakini yeye hafiki. Anasema yule jini mwali anatafuta mume, na yeye Mwinjuma ana wake wawili tayari, wa tatu hamuwezi. Nilicheka, hakucheka.

Wewe umekwenda kule miaka na miaka na wenzako kuchokoa pweza. Nieleze palivyo, na boti ipite upande gani.

Mjukuu wako,
Qais


Lugoba, 9 Julai 2024

Marahaba, mume wangu.

Barua imefika, imekunjwa kama hirizi. Hafidha ameisoma mara mbili, na mara ya pili nimemwambia asome bila kutia huruma. Nasema mimi, anaandika yeye. Akiongeza lake nitajua, maana nitamwambia anisomee.

Nyonga ipo. Asubuhi inauma, jioni inauma, mchana inapumzika kwa sababu mimi nimelala. Daktari ameniambia nitembee. Nikamwambia nitembee kwenda wapi, huku kuna barabara na malori tu. Dija ananipikia ugali mgumu kama anajenga. Mwambie mama yako aje anione, na aje na dagaa, si maneno.

Hao watu wako nimewapenda. Swali la choo ni zuri, ningekuwa mimi ningeliuliza la kwanza. Kwa sababu choo chako, Qais, nimekiona. Shimo lile liko karibu mno na mkoko. Bahari ikijaa mvua za masika inaingia, ikitoka inatoka nacho. Chimba lingine juu, kule kwenye minazi ya marehemu Yahya babu yako, hata kama wageni watalalamika kutembea. Watembee. Mimi nimeamriwa kutembea na nyonga hii.

Nanga pia wamesema kweli. Nanga moja ikiburutwa inavunja kitu ambacho mama yako hajazaliwa kilikuwa kinaota. Funga boya. Usifunge kwa kamba ya plastiki ile ya bluu inayomeguka, utakuja kuiokota tumboni mwa kasa.

Makombe katika duka lako toa leo. Najua nani anakuletea, ni Kulwa, na mwambie nimesema mimi. Akinuna atanunulika kwa kanga.

Wageni wanne kwa kiongozi mmoja, wasizidi. Kuku wenyewe wakizidi sita humwoni anayekula mayai.

Sasa Fungu la Mwali. Usiende.

Najua utaniuliza kwa nini, na mimi nakwambia usiniulize. Wapeleke wakaone kasa, wapeleke Kaole magofuni wakaone makaburi, wapeleke kwingine kokote baharini. Kama kwingine ni kifusi, wape kifusi na uwaambie ni kifusi. Kule usiende, usimpeleke mtu, usipataje kwa mtu. Mwinjuma ana akili zaidi yako kwa hilo moja.

Na lile swali la mwisho usiandike "hakuna". Liache wazi hivyo hivyo.

Umekonda. Sikuoni lakini najua, hujawahi kufagia na kula siku moja.

Bibi yako mke wako,
Miza binti Msabaha


Kaole, 2 Agosti 2024

Shikamoo Bibi,

Choo nimekihamisha. Kulwa amenuna, nimempa kanga, hajaacha kununa ila kanga ameivaa. Boya liko njiani linatoka Dar. Maswali kumi na moja nimeyajibu yote, na mengine nimeyajibu kwa maneno yako mwenyewe.

Kuhusu Fungu la Mwali nilikaa na barua yako siku tatu. Nikaelewa. Wewe ni mtu mzima, unaogopa nisipatwe na jambo, na kwa hali uliyonayo sikutaka kukutia wasiwasi. Nikaona badala ya kubishana nawe nikuondolee hofu kabisa.

Nimefanya kisomo. Ijumaa iliyopita, baada ya sala, tulitoka na boti tatu hadi pale. Sheikh alisoma kuanzia saa nane hadi alasiri, vijana wakaitikia, ubani ukafukizwa. Tuliporudi ufukweni tulikula pilau ya mbuzi wawili, alikuja kila mtu, wavuvi wa Kaole na wa Dunda na wengine siwajui. Sheikh akasimama akatangaza mbele ya wote kwamba mahali pale pameshasafishwa, hapana kitu tena, mwenye kushusha nanga ashushe bila hofu. Na wewe tumekuombea nyonga.

Mwinjuma alishusha nanga mwenyewe (kwenye mchanga, usinigombeze). Kisha akapiga mbizi, akatoka anacheka.

Bibi, mimi pia nimeshuka. Hujawahi kupaona kutoka chini. Yako matumbawe marefu kuliko mimi. Chewa mmoja alinitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji. Nimeshawaandikia wazamiaji na kuwatumia picha. Kwenye karatasi ya tangazo nimeandika: mwamba ambao haujawahi kuguswa na mkono wa mtu. Mwakilishi wao, mama mmoja anaitwa Birgit, anafika tarehe kumi Septemba kukagua.

Furahi, basi. Jini hayupo.

Qais


Lugoba, 5 Agosti 2024

Qais,

Aliyesikia sheikh akitangaza ni kina nani? Niandikie majina ya wenye nyavu za makokoro tu. Wengine siwahitaji.

Wale usiowajua, walikuja na boti za rangi gani?

Hilo boya usilisubiri Dar. Tafuta pipa, lifunge leo, na awepo mtu juu yake mchana kutwa.

Pilau ya mbuzi wawili! Ungenichinjia mimi ingekuwa nafuu.

Miza


Kaole, 19 Agosti 2024

Shikamoo Bibi,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitumaini nitakuwa na habari nyingine.

Siku nane baada ya kisomo zilikwenda ngalawa mbili. Kesho yake zikawa saba. Wiki iliyofuata nilihesabu boti kumi na nne, makokoro matatu yakivutwa pale pale. Nilikwenda na Mwinjuma kuwasihi. Wakanijibu kwa adabu kabisa: "Bwana Qais, si wewe uliyetufungulia? Tumekula pilau yako, tunakushukuru." Kamati ya ufukwe inasema fungu lile halimo katika orodha yao ya maeneo ya kutunzwa, kwa sababu hapakuwahi kuhitajika kulitia. Wataliweka kwenye ajenda.

Jana saa nne asubuhi tulisikia mshindo. Kwanza nilidhani ni wanaochonga barabara. Kisha Mwinjuma akavua kofia akaiweka chini, nikajua ni baruti. Boti hatukuiwahi, ilikuwa ya buluu bila namba.

Nimeshuka kutazama. Kuna shimo upana wa sebule yako. Matumbawe yamekuwa meupe, yamemeguka vipande vya ukubwa wa kidole. Samaki wadogo bado walikuwa wanashuka polepole, wamekufa, kama majani. Yule chewa sikumwona.

Birgit anakuja baada ya wiki tatu, na karatasi yangu inasema haujawahi kuguswa.

Sikukusikiliza, Bibi. Lakini na wewe hukuniambia kitu cha kusikiliza. Ulisema nisiende, basi. Kama ulijua, ulijua nini?

Qais


Lugoba, 21 Agosti 2024

Mume wangu,

Leo Dija amekwenda gulioni, kwa hiyo nasema. Hafidha nimemlisha kiapo.

Jini hakuwepo. Sheikh wako hakufukuza kitu, maskini, alisomea maji. Jini yule nilimtunga mimi, mwaka alioolewa mama yako.

Ilikuwa hivi. Mama yako alichumbiwa na Hamed, watu wa duka, Waarabu wa Dunda. Huku kwetu tulikuwa wakulima na wavuvi, na maneno yalifika kwamba upande wa bwana harusi wanacheka, wanasema tutakwenda kulishwa mihogo na chukuchuku. Yahya babu yako alikuwa mtu wa heshima na mjinga wa heshima. Akasema wakwe hawa watakula chewa, kila sinia na kichwa chake. Siku tatu alitupa mshipi, akarudi na tasi wa kukaanga. Siku ya nne akaenda kwa mtu, akapewa chupa mbili za baruti.

Ya kwanza aliirusha pale Fungu la Mwali. Wakati ule paliitwa Fungu la Kati tu, na palikuwa pazuri kama ulivyopaona wewe, pengine zaidi. Ndiyo samaki wa harusi ya mama yako wale. Hamed baba yako alikula akasifu, akalamba vidole. Ya pili iliwahi kupasuka mkononi. Vidole vitatu vya babu yako ulivyozoea kuambiwa vililiwa na mkunga wa baharini, havikuliwa na mkunga.

Nilimfunga mkono kwa kitambaa cha shela la bibi harusi. Nje watu wanauliza kuna nini. Nikafikiri: wakwe wakijua, ndoa haipo. Serikali ikijua, mume hayupo. Nikatoka mlangoni nikawaambia, Yahya amekutana na jini kule fungu, jini mwanamke, kavaa kama mwali, anamtaka awe mumewe, kakataa, kamng'ata mkono. Shela lenyewe lilikuwa mbele ya macho yangu, ndiyo maana akawa mwali. Watu wakaamini siku hiyo hiyo. Usinifanye shujaa, Qais. Nilianza kwa aibu, bahari haikuwemo kichwani mwangu.

Miezi ikapita, sikuona mwanamume akipita karibu na pale. Bamvua moja, maji yametoka mbali, nikaenda na mwanamke mwenzangu Mwanajuma kutazama. Vipande vyote vile vimekufa, ila juu ya kimoja kuna kitu kimeota ukubwa wa ukucha. Mwanajuma akaniambia, mwache huyo jini wako aishi. Tukawa wawili, tukawa watano, tukawa kumi na mmoja. Kila bamvua tulikwenda na chetezo, tukafukiza ubani makusudi wanaume wauone moshi kutoka ufukweni. Tulisema anawachukua wanaume tu, wanawake hatudhuru, kwa hiyo pweza tulichokoa sisi. Na hata sisi hatukuchokoa ovyo. Bamvua tatu tunaacha, ya nne tunaingia, na mwenye mayai anabaki shimoni mwake. Miaka ishirini na minane. Watoto wa watu wamesomeshwa kwa pweza wale.

Uliniuliza nilijua nini. Nilijua kwamba mgeni mmoja akishuka pale akapanda mzima, mlinzi wangu amekufa. Wewe hukuleta mgeni hata mmoja. Ulimfukuza kwa kipaza sauti na pilau.

Ningekwambia mapema, ndiyo. Lakini ningemwambia mjukuu wa Yahya kwamba Yahya alikuwa mpiga baruti. Alikubeba mgongoni kwa mkono ule. Sikuweza. Hilo ndilo kosa langu, na lako ni lile jingine, tusichanganye.

Uongo mmoja nimeutumia hadi umekwisha. Mwingine sina, na nimechoka kuubeba kwenye swala. Nitakuja. Mwambie Mwinjuma aniwekee kiti cha plastiki chenye mikono pale mnadani, asubuhi ambayo samaki ni wengi na wanaume wamejaa. Nitawaambia wote. Mama yako na Dija nitawaambia kwanza, kabla ya basi.

Huyo mama wa Denmaki naye awepo, umfasirie. Na usinifasirie vizuri. Fasiri nilivyosema.

Miza binti Msabaha

Miye Hafidha naongeza: Bi Miza aliponiambia niandike habari ya mkono alifumba macho, nikafikiri amelala. Alikuwa hajalala. Hili hajalisikia, nikimsomea nitaliruka.


Kaole, 24 Septemba 2024

Shikamoo Bibi,

Natumaini safari ya kurudi haikukutonesha. Mama anasema ulikataa mto kwenye basi.

Tangu uondoke watu hawazungumzi jambo jingine, nami nakuandikia kama ilivyo, hata yale ambayo Mama Mdogo Dija angeyaruka.

Pale mnadani nilifasiri nilivyosikia. Ulipofika pale pa vidole vya Babu nilikwama, ukanigonga mguu kwa fimbo, nikaendelea. Birgit hakuandika kitu hadi ulipomaliza. Kisha akaniomba nimpeleke. Alishuka akakaa chini saa nzima. Alipopanda nilimpa ile karatasi ya tangazo kabla hajaniuliza, nikamwambia, hii ni uongo, sikujua, sasa najua. Akasema amekagua hoteli nyingi ambazo miamba yake haijawahi kuguswa, na bado hajauona hata mmoja. Akasema wanachama wake hawatafuti bahari isiyokuwa na watu. Wanataka kujua fedha yao inaingia kwa nani na mwamba utakuwepo watoto wao wakija. Alilitazama shimo la mwezi uliopita na lile la Babu, akapiga picha zote mbili. La Babu limefunikwa na matumbawe kote, halijulikani kama ni shimo, ila kwa anayejua.

Hajanipa jibu. Anataka karatasi yote ijazwe, na la kumi na mbili. Pia amesema jambo moja ambalo najua hutalipenda: wengi wa wanachama wake wangetaka mahali pale pafungwe kabisa, asivue mtu yeyote. Pweza pia.

Upande wa kamati, wenzako wa pweza, Mwanajuma, Kulwa na Mwanaidi, walikwenda wote watatu, wakakaa mlangoni hadi ajenda ikafika. Fungu limeandikwa. Maboya manne yamefungwa.

Lakini hiyo siyo habari. Habari ni hii. Makokoro yameondoka siku ile ile uliyosema, kabla ya boya la kwanza. Nikafikiri, alhamdulillahi, ukweli umewaingia. Nikamwambia Mwinjuma hivyo. Akanitazama kwa huruma. Akasema, "Bwana Qais, bibi yako anaishi na yule kiumbe miaka ishirini na minane. Mwaka huu wewe unaleta wazungu, yeye anasukumwa bafuni, nyonga inavunjika. Unaleta sheikh, kiumbe anahama. Anahamia wapi? Sasa bibi anakuja mbele ya watu na fimbo, anasema jini hayupo, nimemtunga mimi. Hayo ni maneno ya bibi hayo? Mwenyewe ndiye aliyekuwa anasema."

Mnadani wote wanaamini hivyo. Wanasema jini hajawahi kuwa mkali kama sasa, kwa sababu amejifunza kujikana. Mwenye boti ya buluu, inasemekana, ameiuza.

Nilijaribu kuwaeleza. Kadiri ninavyoeleza ndivyo wanavyosogea mbali nami.

Sasa Bibi, la kumi na mbili niandike nini? Na pweza niwaambie nini?

Mjukuu wako,
Qais


Lugoba, 30 Septemba 2024

Marahaba,

Mto nilikataa kwa sababu ulikuwa wa abiria mwingine.

Nimecheka mpaka Dija akaja mbio kudhani nyonga imetoka. Ndiyo, sasa hata Dija anacheka. Siku nilipomwambia habari ya baba yake alikwenda kupika. Ugali ule ulikuwa laini. Nikala nikajua tumekwisha kusameheana, yeye na mimi, na yule aliyelala Kaole.

Kwa hiyo mimi ndiye jini. Vizuri. Mwambie Mwinjuma mwali anamsalimu, na kwamba wa tatu si lazima awe na nyonga nzima.

Hili la wavuvi lisikuchoshe. Mimi uongo wangu nimeurudisha mbele ya watu, kwa mdomo wangu, mchana, na kadhi angetosheka. Wakiuokota wakauvaa wao, huo sasa ni wao, si wangu. Usiwadanganye. Wakikuuliza, jibu hayupo, kila wakiuliza. Lakini usiwafuate nyumbani kwao kuwabishia. Una kazi nyingine.

Pweza. Mwandikie huyo mama, maneno yangu haya haya. Wanachama wako wanataka mahali pafungwe. Sisi ndio tuliopafunga, kabla hawajajua kuna Kaole duniani, na tulipafunga kwa sababu bamvua ya nne tunaingia. Ukituondoa sisi, atakayeangalia boti ya buluu inapopita ni nani, wao kutoka Denmaki? Sisi tunaingia kwa miguu, siku mbili, na mwenye mayai tunamwacha. Wao wanaingia na mitungi mwaka mzima. Tuhesabiane. Kama hawawezi kumwona mwanamke ameshika pweza, siku hizo mbili wakakae magofuni. Wakikubali, karibu. Wakikataa, Qais, usiwabembeleze, rudi kwenye saruji ya baba yako ukauze huku unalitazama boya. Nitakupenda vile vile, ila nitakucheka.

Na uwaambie chai ya saa nne wanywe kwa Kulwa. Kanga haitoshi, ameachishwa makombe, naye ana watu wa kulisha.

La kumi na mbili. Nimelifikiria hili kuliko nyonga.

Wameuliza nani. Andika majina. Mwanajuma, Kulwa, Mwanaidi, mimi. Hao ni walio hai. Saba waliokufa andika pia, Mwanajuma atakutajia, mimi nikiwataja nitamkosea mmoja na atanijia ndotoni. Kumi na mmoja. Karatasi ikiwa haitoshi, gundisha nyingine chini yake.

Jina la Yahya usiliweke hapo. Hakuutunza, aliuvunja. Lakini mgeni akishuka penye shimo lile la zamani akauliza kwa nini pameinama, mwambie. Mwambie ilikuwa harusi ya mama yako.

Wameuliza tunapata nini. Andika: pweza.

Bamvua kubwa inakuja mwezi wa kumi na moja, na hiyo ni ya nne. Nimeshamwambia Dija anitafutie viatu vya mpira. Daktari amesema nitembee, na mahali pa kutembea ninapo.

Mimi, asiyekuwepo,
Miza binti Msabaha